Pishi ya Bibi Yako: Salamu za Idi kwa Mjukuu Wangu wa Kariakoo

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Idi Mubarak, mjukuu wangu. Minal aidina wal faizina. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na dua zetu, atusamehe tunayoyajua na tusiyoyajua, na atufikishe Ramadhani ijayo tukiwa wazima wa mwili na imani. Salamu hizi ni zako, na kupitia kwako ziwafikie mjomba wako, mkewe na watoto, jirani zenu wa huko, na kila mtoto wa Pemba ambaye sikukuu imemkuta mbali na kwao kwa ajili ya riziki. Ziwafikie wagonjwa, walio safarini baharini na nchi kavu, na kila nyumba ambayo Idi imeikuta na pengo.

Nilikupigia jana baada ya Isha, simu ikaita mpaka ikakata. Sikukasirika. Usiku wa kuamkia sikukuu Kariakoo hailali, na kwa mwenye duka la vitambaa ndiyo mavuno hayo. Dada yako ameniazima simu yake na kunikuzia herufi, nami nimekaa barazani naandika kidogo kidogo. Maneno ya kwenye simu hukimbia, na niliyonayo mwaka huu hayataki kukimbizwa.

Huku Mtambile funga imekwenda salama, alhamdulillahi, ila imekwenda kwa kubanana. Futari ya nyumba hii unaijua: muhogo wa nazi, majimbi, uji wa pilipili manga, na samaki akipatikana. Mwaka huu nazi ilihesabiwa kabla ya kukunwa. Mama yako alikuwa akikamua tui mara tatu, mpaka la mwisho likawa maji yenye harufu ya nazi tu. Kuna jioni mbili au tatu tulifuturu kwa muhogo wa chumvi na chai, tukamshukuru Mungu, tukaenda zetu tarawehe. Noti ya elfu kumi ukishaichenji huijui imekwenda wapi. Sukari, mafuta, unga wa ngano, nauli ya gari ya kwenda Chake, hakuna kilichobaki pale ulipokiacha. Wadogo zako wamepata nguo moja moja, nayo wameambiwa waitunze iwafikishe Idi pili na Idi tatu. Mdogo wa mwisho amevaa viatu vyako vile vyeusi, tumevijaza karatasi mbele. Asubuhi wametoka na takbira wakaenda kuswali, wakarudi wakala tambi na mkate wa kumimina, na saa hizi wako njiani kwenda Tibirinzi na vijisenti vyao vya mkono wa Idi mfukoni. Ulichotuma ndicho kilichotuvusha. Mungu akuzidishie pale palipopungua.

Sasa nikwambie la fitri, ile zaka ya chakula tunayoitoa kila Ramadhani ikiisha.

Tangu mimi na bibi yako tulipooana mwaka 1976, sijawahi kupima fitri ya nyumba hii. Nilikuwa naleta mchele tu. Mwezi ukishatangazwa, bibi yako alikuwa akitandika jamvi uwani, anaweka ungo, anaweka ile pishi ya mbao katikati ya ungo, kisha anamimina. Mwaka huu nilikaa mimi pale. Nikajaza pishi, nikaipitisha kiganja juu kama inavyotakiwa, pishi ya mfuto, vibaba vinne, ndiyo haki ya kila kichwa. Dada yako alikuwa amesimama na taa ya simu. Akasema kwa sauti ndogo, "Babu, bibi hakuwa akifuta."

Nikamtazama. Akachuchumaa, akachukua pishi, akamimina mpaka mchele ukachongoka juu kama kichuguu na punje zikaanza kuteleza kwenye ungo. Akasema hivyo ndivyo alivyoonyeshwa. Alipomuuliza bibi yenu kwa nini, alijibiwa kwamba njia ya kwenda kwa maskini ina mashimo, mchele utamwagika, basi mwache umwagike ule wa juu.

Miaka 49 nimekaa na mwanamke yule nyumba moja, na hilo sikulijua. Nilikuwa naona mchele unakwisha mapema nikidhani ni panya.

Tukaendelea kupima kwa kipimo chake. Mimi, mama yako, dada yako, na wadogo zako watatu, vichwa sita. Ya kwako najua umeitoa huko, maana sasa unajitegemea. Tulipomaliza kufunga nikahesabu mifuko, ikawa saba. Nikahesabu tena. Bibi yako ametutoka mwezi wa Mfungo Sita, kabla ya Ramadhani hii, na fitri humlazimu yule ambaye jua la mwisho la Ramadhani limezama naye yu hai. Hukumu naijua tangu chuoni. Mkono ndio haukujua. Dada yako hakusema kitu, aliuchukua ule wa saba akauweka pamoja na mingine, na alfajiri ukaenda kwa yule bibi kizee wa kule bondeni, kwa nia ya sadaka.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kuombana radhi, nina radhi ya kukuomba. Siku ya msiba ulifika kaburi limeshafukiwa. Sisi hatucheleweshi maiti, na boti haikusubiri mtu. Ulikuja moja kwa moja kutoka bandarini Mkoani, ukapiga magoti pale kwenye udongo mbichi ukalia kwa sauti, nami nikakushika bega nikakwambia nyamaza, watu wanatazama. Yule ndiye aliyekuwa akikuita mume wangu tangu una siku saba, akakufundisha kufunga kikoi, na kila embe la kwanza la mti ule wa kisimani lilikuwa lako. Ulikuwa na haki ya kulia mpaka uchoke. Nisamehe, mjukuu wangu. Mimi nililia usiku ule, peke yangu, mlango umefungwa, kwa sababu sikutaka kutazamwa.

Lakini si hilo tu nililokaa kuliandika. Nataka ujue pishi ile imetoka wapi, maana si ya kwanza kuwamo nyumbani mwetu.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 baba yangu alipata eka tatu kama wengine, zenye mikarafuu, na mimi ndiye niliyezirithi. Msimu ukifika tulichukua wachumaji, wengi wao wanawake kutoka Micheweni, kule ambako ardhi ni ya mawe na karafuu hazioti kama huku. Wanapanda alfajiri na vingoe vyao, wanashuka jioni na magunia, tunakaa chini kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa taa ya chemni, kisha kila mmoja anapimiwa karafuu zake kwa pishi na kulipwa kwa hesabu ya pishi. Mwaka 1978 shamba letu lilizaa mpaka matawi yakainama. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 24, nina mke, nina mtoto mchanga ambaye ni baba yako, na nilikuwa nimekulia kwenye foleni za mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale mtu alipokuwa akisimama tangu usiku kwa ajili ya mchele wa mgao. Nilikuwa na hofu ya njaa, na hofu hiyo ikanifundisha wizi.

Nilichukua pishi nikaipeleka kwa seremala, nikamwambia aikwangue ndani kwa patasi. Kwa nje ilikuwa pishi ileile. Kwa ndani iliingia nusu kibaba zaidi. Hakuna mchumaji aliyesema kitu. Walikuwa wakitazamana tu, na mmoja wao, mama mtu mzima mwenye kidole gumba kilichopinda, alikuwa akiitazama pishi kila inapojazwa kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Bibi yako wakati huo alikuwa bado katika siku zake arobaini za uzazi, hatoki. Siku aliyotoka alikuja uwani jioni, akachukua pishi kupima kama mtu anayesaidia tu. Unajua yeye alichuma karafuu tangu utotoni, mkono wake ulizijua. Aliijaza mara moja. Akaimwaga. Akaijaza tena. Kisha akaniangalia, wachumaji wote wamekaa, akasema, "Pishi hii ina njaa."

Hakusema zaidi. Wachumaji walipokwenda kulala, aliipeleka jikoni akaitia mafigani. Mbao ile ilikuwa kavu, iliwaka vizuri. Juu yake alipasha maji ya kumwogesha mtoto. Akanifanyia hesabu pale pale, yeye ambaye skuli hakumaliza: nusu kibaba kwa kila pishi, basi kila pishi 8 wanazopimiwa, ya tisa umeichukua bure. Siku ngapi? Wachumaji wangapi? Walikuwa tisa. Akaniambia nisiguse kitanda chake mpaka nimewarudishia.

Nikawalipa wanne. Watano walikuwa wameshaondoka kurudi kwao, na sikuwafuata. Nilijiambia nitawafuata msimu utakaofuata, na msimu uliofuata wakaja wengine. Pishi unayoijua wewe ndiyo aliyoinunua yeye mwenyewe kwa fedha ya kusuka ukili, na tangu hapo haikuwahi kupita mkononi mwangu mpaka jana usiku. Na kile nilichokipata kwa pishi yangu pana hakikunifaa chochote. Miaka ya 1980 Waindonesia, waliokuwa wakinunua karafuu yetu kwa sigara zao, wakawa na karafuu ya kwao ya kutosha, bei ikaporomoka, na shamba nililoibia likawa halilipi hata wachumaji.

Wewe sasa unakata vitambaa. Mjomba wako ananiambia una mkono mwepesi na wateja wanakupenda, na hilo limenifurahisha sana. Lakini kitambaa, mjukuu wangu, kinavutika. Ukikivuta kidogo tu juu ya ile mita iliyopigiliwa kwenye meza, mama wa watu ameondoka na pungufu ya vidole viwili, na hatajua mpaka fundi amwambie gauni halitoshi. Atamlaumu fundi. Wewe hutasikia lolote. Hapo ndipo pa kuogopa, kwamba hutasikia lolote, na kesho utakuwa umezoea, na keshokutwa utaona ndivyo biashara inavyokwenda. Kilaze kitambaa, kipumzike, ndipo upime. Mali ni ya mjomba wako, basi usiongeze cha watu kwa ukarimu wako, akikuruhusu, ongeza. Lakini kupunguza, hata akikuruhusu, usipunguze.

Suratul Mutaffifin umeisoma tangu una miaka saba, umeihifadhi na kuighani mpaka watu wakatoa machozi. Ole imetajwa mwanzo kabisa, na wanaotajiwa si wauaji wala walevi. Ni mtu wa kawaida kabisa, ambaye akipimiwa hutaka kijae na akipima hupunguza. Mtu huyo anaweza kuwa ameswali safu ya mbele leo asubuhi. Angalia wanavyofanywa wakulima wa viazi na vitunguu huko bara, wanavyotakiwa kujaza lumbesa, gunia limevishwa kilemba cha gunia lingine, na bei ni ya gunia moja. Sheria inakataza, na bado watu wanafanya mchana. Wewe usiwe pamoja nao, hata ukibaki peke yako mtaani.

Wala usidhani kipimo ni cha dukani tu. Kila kitu alichokiumba Mola kina pishi yake. Maneno yana pishi yake: mtu akikosa kidogo, usimlaumu kwa gunia. Mshahara wa kijana anayekubebea mizigo ghorofani una pishi yake, mpe kabla jasho halijakauka, na ukimpa usimtupie, mkabidhi mkononi. Mama yako ana pishi yake, nayo haijai, kwa hiyo mpigie simu hata siku ambayo huna la kumwambia. Ukioa, usimpimie mkeo kwa kipimo cha marafiki zako. Mkubwa mpe shikamoo kamili, usimtupie nusu ukiwa unatazama simu. Ukiahidi, ahidi kwa mfuto. Ukitekeleza, tekeleza kwa kuchongoka. Na usione haya kusema hapana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, chombo kilichotoka Unguja kuja kwetu kilizama karibu na Nungwi kikiwa kimepakia watu na mizigo kupita kiwango chake. Mdogo wangu alikuwamo. Hatukumpata. Mimi tangu siku hiyo nikiona mtu anaongeza kimoja juu ya kilichojaa na wengine wamenyamaza, tumbo hunikata. Pale bandarini walikuwapo watu wengi walioona kwa macho yao kwamba kimejaa. Ukiona kimejaa, sema. Watakucheka, watakuita mwoga, watakwambia kwani chombo ni chako. Sema hivyo hivyo.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa sote, na watu huitaja wakisema juu ya akiba. Bibi yako alikuwa akiitaja akisema juu ya dhambi. Alikuwa akisema hakuna mtu aliyekuwa mwizi kwa siku moja, anajaza kibaba chake taratibu, punje kwa punje, mpaka siku kimejaa anashangaa nani kakijaza. Nami nakwambia na wema ni hivyo hivyo. Mchele ule aliouacha uteleze juu ya pishi kila mwaka, kila kichwa, kwa miaka 49, wewe unayejua hesabu za kompyuta ukae uuhesabu. Kuna watoto wamekua kwa punje zile. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzitaja, hata kwangu.

Nimeandika mengi na betri ya dada yako inakwisha. Mama yako anakusalimu sana, anasema vileja vyako viko kwenye kopo la bati, vitakuja na yule jirani anayepanda boti keshokutwa. Uvifunike vizuri, Dar ina joto la unyevu. Zile funga sita za baada ya Ramadhani tutaanza kuzifunga wiki hii tukijaaliwa, na wewe ukiweza fungana nasi, hata kama ni Jumatatu na Alhamisi. Idi kubwa, kama biashara itaruhusu, njoo. Kaburi la bibi yako nimelipanda mrehani pembeni, nao umeshika.

Nina haja moja, nayo nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonikalisha hapa. Huko Kariakoo mnachanganyika na watu wa pande zote za Pemba. Ukikutana na mtu wa Micheweni, muulize kwa adabu kama kwao kulikuwa na bibi aliyekuwa akija Mtambile kuchuma karafuu katika miaka ya 1970, mwenye kidole gumba kilichopinda, au mwenzake yeyote aliyekuwa naye. Najua pengine wote wameshatangulia, lakini wana watoto, wana wajukuu kama wewe. Mwambie kuna mzee ana deni la karafuu lao, fedha ameshaitenga, na anaomba wamsamehe kilichopita muda. Mpe namba yangu. Akipiga usiku pia nitapokea.

Kulla aam wa antum bikheir. Wasalaam.

Babu yako,
Mtambile, Pemba